« La mesure est levée »: imepanda ao imeondoka? Sikio la muchimbaji mbele ya habari ya kobalti

Tarehe 22 mwezi wa pili 2025, inchi yetu ilisimamisha kupeleka kobalti inje kwa muda wa miezi ine. Habari ilitoka mu Kifaransa: « suspension des exportations de cobalt ». Mangaribi yake, mu bar na pa mulango wa nyumba, ile habari moja ilikuwa imekwisha kuzaa tatu. Mumoja: « Balifunga mine. » Mwingine: « Balikataza kuchimba. » Wa tatu: « Ni bale ba depo tu, siye haituangalie. » Hata moja haikuwa sawa. Kitu chenye kilisimama ni kupitisha kobalti ku mipaka. Kuchimba haikukatazwa. Shaba iliendelea kutoka.

Kisha habari ikaendelea kugeuka. Mu mwezi wa sita serikali iliongeza miezi tatu: « prolongée ». Mu mwezi wa kenda, ARECOMS, yenye inalinda soko la mawe ya lazima ya inchi, ilitangaza kwamba katazo litakwisha tarehe 15 mwezi wa kumi: « levée ». Kuanzia kesho yake, quota njo inaongoza: tani 18 125 kwa siku zenye zilibakia za mwaka 2025, kisha tani 96 600 kila mwaka, 2026 na 2027. Sababu inajulikana: zaidi ya 70 % ya kobalti ya dunia inatoka kwetu, kobalti ilikuwa imejaa sana mu soko, na bei ilikuwa imeanguka.

Hesabu maneno yenye yalibeba ile mambo yote: suspendre, prolonger, lever, quota. Maneno ine. Mwenye kukosa moja anakosa habari nzima, na kwetu kukosa habari ni makuta. Kuko mwenye atauzisha pikipiki mapema juu anazania mine imefungwa. Kuko mwenye atakamata deni juu alisikia « octobre » na akazania kila kitu kitafunguka bila mupaka. Kuko mwenye atakubali bei ya chini pa depo juu negosian alimwambia « kobalti imekatazwa », na yeye hakuwa na namna ya kujua kama ni kweli.

Bantu bengi ba mine banajua Kifaransa kidogo. Balisoma, banaandika majina yao, banaweza kusoma tangazo ku ukuta kama unabaachia wakati. Shida inaanza wakati Kifaransa kinapita mu sikio. Ile njo tunataka kuzungumuza leo: kusikia ni kazi yenye inajifunzwa, na inajifunzwa kwa mazoezi yenye yamepangwa. Kuacha telefone iseme siku nzima haisomeshe muntu.

Kwa nini tusingoje Kiswahili tu

Wengine batasema: habari iko mu Kiswahili, ya nini kujisumbua? Ni kweli, iko. Radio Okapi, tangu 2002, inasema Kifaransa na lugha ine za inchi, Kiswahili ndani. RFI ina programu ya Kiswahili tangu 2010. Radio zetu za hapa nazo zinafanya kazi. Muntu akitaka kujua habari ya haraka, aanzie pale.

Lakini angalia karatasi zenye zinaingia mu nyumba ya mufanyakazi. Kontra iko mu Kifaransa. Barua ya kukusimamisha kazi iko mu Kifaransa. Arete ya waziri, karatasi ya hospitali, bulletin ya mutoto, yote ni Kifaransa. Katiba ya 2006, mu kifungo chake cha kwanza, inasema Kifaransa njo lugha ya serikali. Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo ni lugha za inchi. Hii mugawanyo ni ya zamani kuliko katiba. Tangu siku za Union Minière, yenye ilianzishwa 1906, Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, na Kifaransa lugha ya ofisi. Mwenye kubaki na moja tu alibaki upande moja wa mulango.

Na kuko jambo la usalama. Mu mukutano wa asubui mbele ya kushuka, ule wa « quart d'heure sécurité », mara nyingi musimamizi anachanganya lugha: Kiswahili, Kifaransa, hata Kiingereza kidogo. Neno moja linaweza kupotea pale. Tutarudia hapa chini, juu kuko maneno mawili ya Kifaransa yenye sikio letu linayasikia kama ni moja, na moja inasema juu, ingine inasema chini.

Tuseme wazi pia: kujifunza Kifaransa hakumuondolee mukubwa wa kazi deni lake. Amri ya usalama inapashwa kutolewa mu lugha yenye bafanyakazi bote banasikia. Muntu akiumia juu hakusikia amri, haifai kumuambia « ungesoma Kifaransa ». Mambo mawili yanaenda pamoja: mukubwa aseme mu Kiswahili, na mufanyakazi ajijengee sikio la Kifaransa kwa faida yake mwenyewe.

Podikasti ziko, na zinaweza kukatwa

Podikasti ni programu ya radio yenye unaweza kuweka mu telefone na kuisikiliza saa yenye unataka, mara nyingi yenye unataka. Kwa mwenye kujifunza lugha, ile « mara nyingi » njo mali kubwa. Radio ya kawaida inapita kama gari ku barabara, podikasti inakungojea.

Kwa Kifaransa, yenye inajulikana sana ni habari ya RFI ya « français facile »: dakika 10 hivi, habari ya siku, na kila neno gumu linaelezwa mbio. Maandishi yake yanapatikana pia, na hii ni muhimu kama utaona mbele. Kwa Kiingereza, BBC iko na programu ya dakika 6. Vijana bengi ba Kolwezi na Likasi banatafuta hii ya Kiingereza juu mu kampuni zingine engenia anatoka Afrika ya Kusini, na juu barabara ya mawe inapita Kasumbalesa kuingia Zambia.

Lakini mwaka 2025 ulituonyesha kitu. Voice of America ilikuwa na masomo ya Kiingereza chepesi tangu mwezi wa kumi 1959: maneno karibu 1 500, sentensi fupi, sauti yenye inaenda polepole. Bantu ba vizazi vitatu balijifunza pale. Mu mwezi wa tatu 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha karibu kazi yote ya ile radio, na bafanyakazi balitumwa ku nyumba. Siye wenyewe tulikwisha kuona mambo ya namna ile: mwisho wa 2018, siku za matokeo ya uchaguzi, RFI ilikatwa ku FM mu Congo, ikarudi mu mwezi wa munane 2019.

Somo lake ni rahisi. Sauti ya mugeni inafaa, tuikamate wakati iko. Lakini muntu mwenye anajua kupanga zoezi hakose somo hata siku moja, juu anaweza kulitengeneza na sauti yoyote: tangazo la serikali lenye lilipita mu WhatsApp, habari ya Radio Okapi, ao mutoto wake wa sekondari akisoma sentensi tano mbele ya telefone.

Pahali sikio linaanguka

Tukitaka kupanga zoezi, tujue kwanza sikio linaanguka wapi. Mara nyingi bantu banazania shida ni maneno yenye habajui. Ile ni sehemu moja tu. Kuko zingine tatu zenye ni mbaya zaidi.

Ya kwanza: maneno yenye muntu anayajua kwa macho, lakini sikio halijui sura yake. Kifaransa kinaunganisha maneno. « Ils ont » na « ils sont » mu karatasi ni mbalimbali kabisa. Mu radio, kati yao kuko z na s tu. « Bako na » na « bako » zinageuka habari mbili.

Ya pili: sauti zenye Kiswahili hakina. Siye tuna u moja. Wafaransa bako nayo mbili. Njo maana « dessus », ni kusema juu, na « dessous », ni kusema chini, zinaingia mu sikio letu kama neno moja. Mu salon haina neno. Mu shimo, mwenye kuambiwa jiwe linaanguka « au-dessus » na yeye anaangalia chini, ni mambo mengine. Na kuko « plus ». Mu maandishi banaandika « on ne peut plus descendre »: haturuhusiwe kushuka tena. Mu kinywa, ile « ne » inakufa: « on peut plus descendre ». Mwenye kungojea « ne » ili ajue kama ni katazo, hataisikia. Atasikia « peut » na « descendre », na atashuka.

Ya tatu: hesabu. Hapa historia inatuchezea. Siye tulijifunza Kifaransa kwa Babelge, tunasema « septante » na « nonante ». Wafaransa banasema « soixante-dix » na « quatre-vingt-dix ». Sasa kamata quota ya 2026: tani 96 600. Mwalimu wetu atasema « nonante-six mille six cents ». Mutangazaji wa Paris atasema « quatre-vingt-seize mille six cents ». Sikio lenye halijazoezwa linaandika 80, kisha linasikia « seize mille », linaandika 16 000, na kisha linapoteza mambo yote. Muntu hana ujinga. Hakuna mwenye alimuzoeza tu.

Na juu ya hizi tatu kuko mutego wa ine: neno lenye unalijua, lakini hapa lina kazi ingine. « Lever » tunalijua: kuinua. « Levez la main », tulisikia tangu ku primere. Kwa hiyo « la mesure est levée », bengi banazania katazo limeinuliwa, limekuwa kali zaidi. Kumbe « lever une mesure » ni kuiondoa. Na « suspendre » ni kutundika, kama shati ku musumari: halijatupwa, litashuka siku moja. Mwenye kushika ile picha ya shati hatachanganya tena « suspendre » na « interdire ».

Mutihani si somo

Namna bengi banasomesha kusikiliza iko hivi: mwalimu anafungua sauti ya dakika 10, kisha anauliza maswali 10. Mwenye kujibu 8 anapigiwa makofi, mwenye kujibu 2 anainamisha kichwa. Kesho, sauti ingine, maswali 10 mengine. Yule wa 2 anabaki na 2.

Mwalimu Mwingereza John Field, mu kitabu chake cha 2008 juu ya kusomesha kusikiliza, alikosoa ile namna: inapima sikio, lakini hailifundishe. Ni kama kupima mufanyakazi uzito kila asubui na kuzania umemulisha. Jibu la uongo linapaswa kumuonyesha mwalimu pahali sikio lilianguka: ni neno? ni kuunganisha? ni hesabu? ni « ne » yenye ilikufa? Akijua ile, anaweza kutengeneza. Akiandika tu « 2 ju ya 10 », hajui kitu, na mwanafunzi naye hajui.

Maswali yenyewe yanaweza kuwa mabaya. Kuko swali lenye unaweza kujibu bila kusikiliza: « Je, kobalti inatoka Congo? » Kuko swali la kitu kidogo chenye hakina kazi: « Mutangazaji alitaja muji gani kwanza? » Kuko swali lenye limeandikwa mu Kifaransa kigumu kuliko sauti yenyewe, pale muntu anaanguka ku swali, na banasema alianguka ku sauti. Kwa mwanzo, swali liwe mu Kiswahili, na jibu liwe mu Kiswahili. Tunapima sikio, kalamu itangoja siku yake.

Swali zuri ni lenye jibu lake linageuza kitu mu maisha ya mwenye kusikiliza. « Banakataza kuchimba, ao kupitisha inje? » Mwenye kupata jibu la ile swali anajua atasema nini pa depo.

Zoezi moja, kutoka mwanzo mpaka mwisho

Tufanye moja hapa, yenye unaweza kufanya leo mu nyumba. Muntu mwenye anasoma Kifaransa vizuri, mutoto wa sekondari ao jirani, asome hizi sentensi ine mu telefone na kuzirekodi, kwa mwendo wa kawaida, bila kukata kila neno:

« Le gouvernement a suspendu les exportations de cobalt pour quatre mois. En juin, la mesure a été prolongée de trois mois. En octobre, elle a été levée. Depuis, chaque société doit respecter un quota. »

Ni sekunde 20 hivi. Inatosha. Kosa la kwanza la wenye kujifunza ni kukamata dakika 10 nzima. Sikio lenye linaanza linachoka mbio. Dakika moja yenye imesikilizwa vizuri inapita saa nzima ya makelele.

Mbele ya kusikiliza, funga telefone na usolole mu Kiswahili. Tunajua nini juu ya hii habari? Tunazania tutasikia maneno gani? Andika matatu ao mane ya Kifaransa yenye unangojea: « cobalt », « mois », « exportation ». Kisha chagua swali moja lenye unataka jibu lake kabisa. Hii hatua bengi banairuka, na njo yenye inasaidia zaidi. Mu maisha hatusikilizi habari bila kujua inaangalia nini. Hata pa soko, mbele muuzaji aseme bei, unajua ni bei yenye anakuja kusema.

Mara ya kwanza, sikiliza bila kalamu. Mwisho wake jibu mambo mawili tu: wanazungumuza nini, na habari ilianza wapi ikaishia wapi? Kama umepata « ilianza na katazo, ikaisha na quota », umefanya kazi kubwa.

Mara ya pili, kamata kalamu. Piga mistari mitatu mu karatasi: wakati, kitu chenye kilifanyika, hesabu. « Quatre mois, suspendu. » « Juin, prolongée, trois mois. » « Octobre, levée. » Acha wazi pahali hukusikia. Usiweke uongo ili ijae; ile nafasi tupu njo dawa yako.

Mara ya tatu, sikiliza na maandishi mbele ya macho, kidole kikifuata. Pahali pote ulikuwa umeacha wazi, piga mustari chini ya neno, na ujiulize: sikulijua hili neno? Ao nililijua na sikio halikulitambua? Bengi batashangaa. « Elle a été » ni maneno matatu yenye kila muntu wa primere anayajua, na mu sauti yanakuwa kitu kimoja: « elaete ». Rudia ile kipande mara tano, kwa sauti, mpaka kinywa chako kiunganishe vilevile. Kinywa chenye kimeunganisha kinasaidia sikio kutenganisha.

Halafu linganisha « pour quatre mois » na « de trois mois ». Ya kwanza ni muda: kwa miezi ine. Ya pili ni kiasi chenye kiliongezwa. Na « depuis »: tangu ile wakati mpaka sasa. Bengi banaichanganya na « jusqu'à », mpaka. Mwenye kuchanganya atasema quota imekwisha, wakati ndiyo imeanza.

Mwisho, fanya kitu na habari. Rekodi sauti ya sekunde 30 mu Kiswahili, utumie yaya yako ao mwenzako wa kazi: « Habari iko hivi. » Kama anakuelewa bila kukuuliza mara mbili, umesikia kweli. Kisha sema sentensi mbili mu Kifaransa, za kwako. Kesho, rudia ile sauti mara moja mbele ya kuamka ku kitanda, uone kama nafasi tupu imejaa.

Ile ni dakika 25 yote. Mara tatu kwa juma, inapita somo kubwa la saa mbili lenye muntu anakosa kila mara juu ya zamu.

Mu nyumba na ku kazi

Mega ni makuta, tunajua. Podikasti moja ipakuliwe na muntu mumoja, mangaribi ao pahali kuko wifi, kisha ipite kwa Bluetooth mu telefone za wengine. Ukitaka kupunguza zaidi, acha video, chukua sauti tu. Maandishi unaweza kupiga picha.

Mama mwenye anabaki pa nyumba anaweza kuwa mwalimu wa zoezi hata kama Kifaransa chake ni kidogo. Kazi ya mwalimu hapa si kujua yote. Ni kuuliza swali mbele ya sauti, kuhesabu mara tatu, na kukataza bantu kuangalia maandishi mapema. Mutoto asome, baba asikilize, mama aulize. Na mutoto mwenye ameona baba yake anakubali kusema « hapa sikusikia » hataogopa kusema vile mbele ya mwalimu wake.

Jambo moja la mwili. Mwenye kufanya kazi karibu na kuvunja mawe, kutoboa, ao na mashine kubwa, masikio yake yanakuwa yamepigwa siku nzima. Banganga na bantu ba usalama wa kazi banasema makelele ya decibel 85 kwa saa 8 njo mupaka. Juu ya pale sikio linaanza kuharibika polepole, na halirudi. Kwa hiyo usitoke ku mashine na kuingiza ekuta mu masikio kwa sauti ya juu. Yapumuzishe kwanza. Na kama unaona sikio linapiga filimbi, ao unasikia sauti ya wanaume lakini maneno ya batoto na banamuke yanapotea, usilaumu Kifaransa: enda ku muganga.

Na hata siku moja usisikilize somo na ekuta mu kariere, mu shimo, ao ku pikipiki. Kengele, klakson na mwenzako mwenye anaita ni mbele ya kila podikasti.

Nani alipe?

Hii kazi haihitaji nyumba ya masomo, wala kompyuta. Inahitaji telefone moja, boksi ya sauti, karatasi, na muntu mwenye ameonyeshwa namna ya kupanga zoezi. Njo maana inafaa kuulizwa mu pahali makuta ya mine yanapangwa.

Sheria ya mine ya 2002, yenye iligeuzwa mwaka 2018, inalazimisha kampuni zenye zinachimba kutosha 0,3 % ya mauzo yao ya mwaka kwa maendeleo ya bantu benye banaguswa na kazi yao. Tena, kuko « cahier des charges », mapatano kati ya kampuni na bakaaji ba pale. Kwa kawaida tunauliza masomo, kisima, dispensere, barabara. Viko vya lazima, hakuna mwenye anakataa. Lakini somo la mangaribi la kusikiliza, mara tatu kwa juma, kwa baba na mama benye baliacha masomo zamani, ni bei ndogo sana mbele ya jumba moja la matofali. Na faida yake inaonekana siku tangazo linapita.

Ba delege ba syndicat nao bako na kazi. Kila wakati amri mupya inatoka, bakamate dakika moja ya sauti yake, batie maswali matatu ya Kiswahili, batume mu groupe ya WhatsApp. Habari na somo vinaenda mu safari moja. Mufanyakazi anajua mambo ya kobalti, na sikio lake linazidi kufunguka.

Quota imewekwa kwa 2026 na 2027. Kati ya hapa na pale, matangazo mengine yatakuja: tani zitapunguzwa ao zitaongezwa, tarehe zitageuzwa, kampuni moja itapewa na ingine itanyimwa. Yatatoka mu Kifaransa kwanza, kama kawaida, na mbele mangaribi iingie yatakuwa yamezaa tatu mu bar. Siku ile, mwenye amefanya zoezi atauliza swali moja tu mbele ya kuuzisha kitu ao kukamata deni: balisema « suspendue », « prolongée » ao « levée »? Kisha atafungua telefone, arudie sauti mara tatu, na ajijibu mwenyewe.